Nge Mdogo, Dhana Kubwa

Bibi mmoja mzaliwa wa pwani ya Tanga, ambaye mumewe ni mwalimu na amehamishiwa Kibondo katika Mkoa wa Kigoma, ametuandikia barua ndefu yenye maswali matatu. Asema kwamba tangu mvua zilipoanza ameona nge nyumbani mwao mara nne: mmoja ndani ya kiatu cha mtoto, mmoja chini ya msala, mmoja nyuma ya mtungi, na wa nne alimkuta amekwisha kufa ndani ya maji ya mtungi ule ule. Ni wadogo, hawapiti urefu wa kidole, na rangi yao ni kama ya jani kavu. Msichana anayemsaidia kazi aliumwa mguuni, akalia usiku kucha, na asubuhi yake akajitwisha ndoo akaenda kisimani kama kawaida.

Swali lake la kwanza ni hili: je, yafaa kuwaua viumbe hawa hali madhara yao ni madogo kiasi hicho? La pili, jirani mmoja amemwambia kwamba nge wanne katika nyumba moja si bure, wametumwa, na kwamba yuko mganga awezaye kumtaja aliyewatuma. Naye bibi huyu, kwa kuwa kabla ya kuondoka Tanga alikwisha kuonywa na shoga zake kwamba huko aendako ni kwa wenyewe, ameanza kumtazama kwa jicho jingine bibi kizee akaaye nyumba ya pili. Swali la tatu ni juu ya yale maji ya mtungi.

Tungaliweza kuyajibu yote kwa mistari kumi. Lakini lile la pili lina hatari ndani yake kuliko sumu ya nge yeyote wa Kibondo, na kwa ajili yake tutaomba subira ya msomaji.

Kwanza tuseme habari za mdudu mwenyewe, maana kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua ni kama kukata kanzu gizani. Kibondo na Kasulu ni nchi ya juu ya Buha, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya vilima na misitu ya miyombo. Mvua zake huanza mnamo Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei. Miti ya huko ina magome yaliyopasukapasuka, na chini ya magome hayo, na chini ya mawe, na ndani ya magogo yaliyooza, ndimo yalimo makao ya nge. Mtu akikata kuni akazileta jikoni, amezileta pamoja na wenyeji wake. Mvua zikinyesha mashimo yakajaa maji, nge hutafuta mahali pakavu, na mahali pakavu kuliko pote ni chini ya paa la binadamu. Nyumba za matofali ya udongo zina nyufa, paa za nyasi zina vuguvugu, na taa ya jioni huwaita panzi, mende na vidudu vingine ambavyo ndivyo riziki ya nge. Hivyo, kuonekana nge wanne katika msimu mmoja wa mvua ni jambo lenye sababu zake, tena sababu zilizo wazi kwa mwenye kutaka kuziona.

Katika nge wadogo wanaoonekana sana majumbani katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini wamo wa jamii ambayo wataalamu huiita Uroplectes. Kuuma kwao kunauma hasa, na maumivu yaweza kukaa saa kadhaa au siku nzima, lakini mtu mzima mwenye afya hapati zaidi ya hayo. Duniani zimehesabiwa aina za nge zaidi ya 2,000, na zile ambazo sumu yake yaweza kumwua mtu hazifiki mia. Yapo maneno yanayosemwa na wengi, kwamba nge mwenye magando manene na mkia mwembamba hutisha tu, na mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa. Maneno haya yana msingi, lakini mtu asiye mtaalamu asiyafanye kuwa kanuni ya kuwekea mkono, kwa kuwa hawa wadogo nao wana magando membamba na si wauaji.

Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba nge ni wa watu wa bara peke yao. Yuko nge mmoja mwenye madoadoa, aitwaye Isometrus maculatus, ambaye amesafiri ndani ya shehena za vyombo akaenea katika bandari za nchi za joto ulimwenguni kote. Kama ni suala la nge kutumwa kutoka ng'ambo, basi huyu alitumwa na wafanya biashara, pamoja na magunia.

Tutoke njiani kidogo. Watu wengi husema kwamba watoto wa nge humla mama yao, na kwamba nge akizaa hufa, na maneno hayo hutumiwa kuwaasa watoto wasiowatii wazazi wao. Ni maneno mazuri ya kuasia, ila si kweli. Nge hazai mayai. Huzaa watoto walio hai, weupe, laini, wasioweza kujitetea, nao hupanda mgongoni mwa mama yao, naye akawachukua hivyo mpaka wajivue ngozi yao ya kwanza. Aliyemwona nge jike wa namna hii hadhani tena kwamba ana kitu kisicho na huruma mbele yake. Na bado, akiwa mgongo umejaa watoto vile vile, akikanyagwa atauma.

Ama swali la kwanza, jibu lake halina shida. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alitaja viumbe watano ambao huuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na nge akiwa mmoja wao. Na msomaji ajua kwamba mahali pale hata njiwa hafukuzwi, na aliyehirimia hawindi. Tena imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba aliamrisha nyoka na nge wauawe hata kama mtu yumo ndani ya Swala. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wasema kwamba kuwaua viumbe hawa wadhuru ni jambo la sunna.

Bibi yetu lakini hakuuliza swali la kijinga. Aweza mtu kusema: Hijazi ni nchi ya nge wakali, ambao hata leo sumu yao huua watoto na wakati mwingine wakubwa, je, amri iliyotoka katika nchi ile yamhusu kidudu huyu wa Kibondo, ambaye hawezi kumzuia msichana asiende kisimani? Hapa yatupasa kutazama sababu ya hukumu. Sababu ni madhara, na madhara hayapimwi kwa mguu wa mtu mzima. Sumu ile ile inayomliza msichana usiku mmoja, ikiingia katika mwili wa mtoto wa mwaka mmoja ni jambo jingine, kwa kuwa mwili ni mdogo na sumu haikupungua. Tena sumu ndogo kwa alalaye juu ya kitanda, penye sakafu ya saruji na chandarua kilichochomekwa, si ndogo kwa alalaye chini. Nchi hiyo ya Kasulu na Kibondo imepokea wakimbizi kwa makundi makubwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu kwa maelfu, wakalala chini ya maturubai juu ya udongo mtupu wakati wa mvua. Hapana mtu awezaye kumwambia mama aliyemlaza mtoto wake mahali kama pale kwamba nge wa huko hawana neno.

Basi muue, bibi, wala usione shaka. Hukulazimishwa kwenda msituni kupindua magogo ili uwatafute, kwa kuwa huko yeye ndiye mwenyeji. Lakini aliyeingia ndani ya kiatu cha mwanao amejiingiza mwenyewe katika hukumu.

Ila kuna namna ya kuua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuua, kwamba mwenye kuua aue vizuri. Wanavyuoni wameieleza kwa machinjo, kwamba kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Lakini maneno ya Mtume ni mapana na nge hakutolewa humo. Pigo moja la kiatu latosha. Na tazama jinsi jambo hili linavyopatana na lile la kumwua ndani ya Swala: kwa madhehebu yetu, harakati nyingi zinazofuatana huharibu Swala, basi mwenye kuswali hupiga pigo lake, kisha akarudi katika kisomo chake. Hana nafasi ya kumchezea nge wala ya kumchukia kwa muda mrefu.

Lakini twaona watu wafanyavyo, huku pwani na huko bara. Nge akishikwa, watoto huitana, akazungushiwa mafuta ya taa na kiberiti kikawashwa, watu wakasimama kumtazama mpaka ajipinde na mkia wake umfikie mgongoni, ndipo wakasema: amejiua mwenyewe! Wenye kuchunguza mambo haya wamebainisha kwamba hajiui. Sumu ya nge haimdhuru nge mwenyewe kwa urahisi, na kule kujipinda ni kwa ajili ya moto unaomkausha. Wao ndio waliomwua, tena kwa adhabu ambayo si yao kuitoa, maana imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alipoona kichuguu cha chungu kimechomwa na baadhi ya Masahaba, aliuliza ni nani aliyefanya hivyo, na akawajulisha kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Chungu wale hawakuwa na thamani ya senti moja.

Yawekeni akilini maneno haya mawili, moto na "amejiua mwenyewe", kwa kuwa tutayakuta tena.

Sasa tuje katika swali la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Jirani amesema nge wametumwa. Hebu tuangalie mwenendo wa yule ambaye mwenendo wake ni hoja kwetu sote. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliumwa na nge hali yu ndani ya Swala. Alipomaliza alimlaani nge, kwamba hamwachi mwenye kuswali wala asiyeswali, kisha, kama ilivyopokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.), akataka maji na chumvi, akawa apangusa mahali palipoumwa huku akisoma Sura za kujikinga. Haya ndiyo yote yaliyotokea. Msomaji azingatie mtu aliyeumwa ni nani. Huyu ni mtu aliyekuwa na maadui wa kweli, si wa kudhania: walikula njama za kumwua kitandani mwake Makka, na huko Khaybar aliletewa nyama yenye sumu. Tena katika Hadithi ya Bibi Aisha iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaelezwa kwamba Labid bin al-A'sam alimfanyia uchawi hasa. Kama kungalikuwa na mtu duniani mwenye haki ya kuuliza, "Nge huyu katumwa na nani?", basi ni yeye. Hakuuliza. Alimlaani nge, na wala hakumtafuta mtu nyuma ya nge.

Na hata katika lile la Labid, ambalo alijulishwa na Mola wake na si na mpiga ramli, Bibi Aisha alipomwuliza kwa nini halikutangazwa, alijibu kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumponya, naye hakupenda kuwachochea watu katika shari. Twaomba msomaji asiipite haraka Hadithi hii. Mtu aliyejulishwa jambo kwa wahyi alinyamaza ili watu wasichafuke, na leo mtu aliyepata habari zake kwa ndoto ya mganga ataka kijiji kizima kikusanyike.

Tutaambiwa: Je, mwakanusha kwamba uchawi upo? Hatukanushi, na Qur'ani yautaja. Lakini kukiri kwamba wezi wapo hakumpi mtu ruhusa ya kumshika mkono kila apitaye mbele ya duka lake. Qur'ani Tukufu katika Sura ya Al-Hujurat yatuamuru kujiepusha na wingi wa dhana, na yatujulisha kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, yaani dhana yenyewe, kabla haijawa neno wala pigo. Na yule mganga awezaye kutaja majina, hukumu ya kumwendea i wazi katika Hadithi ya Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, Swala yake ya siku arubaini haikubaliwi. Bibi aliyemkuta nge chini ya msala ataka kulinda Swala yake kwa kuiteketeza!

Msomaji wa Lamu au Unguja aweza kudhani kwamba twakuza mambo. Hatukuzi. Habari za vikongwe kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi zimekuwa zikiandikwa katika magazeti ya Tanzania kwa miaka mingi, hasa kutoka Usukumani na mikoa ya magharibi. Wakati wa ukoloni ilitungwa Sheria ya Uchawi, mwaka 1928, na sheria hiyo haikuikata mizizi ya maradhi haya. Wapo pia wale wafichua-wachawi waitwao kamchape, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipita vijijini katika magharibi ya nchi, wakalipwa ili waseme nani mchawi. Na aliyetajwa mara nyingi hakuwa mtu mwenye nguvu wala mwenye wana wengi wa kumtetea, bali ni bibi kizee mjane akaaye peke yake. Nyumba yake hutiwa moto, na watu wakirudi makwao husema amejitakia mwenyewe.

Tena watu wametoa mpaka alama ya kumjulia mchawi, nayo ni macho mekundu. Subhanallah! Bibi kizee aliyepika kwa kuni miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Kuni zile zile zilizoleta nge nyumbani kwa mwalimu ndizo zilizoyafanya mekundu macho ya jirani yake. Watu wakaviona viwili hivi, wakavifunga pamoja kwa kamba ya uchawi, na kuni zenyewe zimerundikwa hapo mlangoni hakuna anayezitazama.

Twalisema jambo moja zaidi, na shoga zake waliomwaga kule Tanga watuwie radhi. Kumwambia mtu aendaye Kigoma kwamba anakwenda kwa wenyewe si mzaha mwema. Waha si watu tuliowasikia masimulizini tu. Walikuja kwa maelfu Tanga, Muheza na Korogwe kufanya kazi katika mashamba ya mkonge zama za ukoloni, wakaitwa manamba, wakakata mkonge kwa ujira wa senti, na wengi wamezikwa katika ardhi yetu. Na Ujiji, iliyo katika mkoa ule ule, ilikuwa na wafanya biashara wa pwani hata kabla Burton na Speke hawajafika huko mwaka 1858. Mpaka leo mtu wa pwani akienda Ujiji hakosi wa kuitikia salamu yake kwa lahaja inayofanana na yake. Tena ni ajabu kwamba mtu wa bara akihamishiwa Tanga au Pemba, naye huagwa na jamaa zake kwa maneno yale yale, kwamba aende na kinga. Kila mmoja amemwekea mwenziwe uchawi kwake, na wote wawili wana nge.

Basi bibi kizee yule wa nyumba ya pili, tukimchukulia kwamba si Muislamu, kama walivyo wengi katika vilima vile, haki ya ujirani yake haikupungua. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinja mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena akauliza, kama yule jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu yake, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha. Bibi yetu atatusamehe tukimwuliza: tangu alipofika Kibondo, je, amewahi kubisha hodi katika nyumba ile ya pili, akapeleka hata sahani ya maandazi siku ya Idi? Twauliza kwa sababu katika barua yote ya kurasa sita, bibi kizee huyo hana jina. Nge ameelezwa rangi yake na urefu wake. Jirani hakuelezwa ila macho yake.

Hatumlaumu kwa kuogopa. Khofu si dhambi. Nabii Musa (A.S.), alipoiona fimbo yake yajinyonganyonga kama nyoka, aligeuka akakimbia wala hakutazama nyuma, na Mola wake hakumkemea, bali alimwita arudi na asikhofu. Naye Ibn Mas'ud (R.A.) amesimulia kwamba walikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) ndani ya pango huko Mina, akatoka nyoka, Mtume akaamuru auawe, wakamkimbilia, nyoka akawawahi akaingia shimoni. Mtume akasema maneno ambayo maana yake ni kwamba nyoka amesalimika na shari yao kama wao walivyosalimika na shari yake. Kisha wakaendelea na mambo yao. Hawakulichimbua pango, wala hawakukaa kuulizana kwa nini nyoka ametoka siku ile na saa ile, wakati Sura ya Al-Mursalat ndiyo kwanza inateremka. Lau ingalikuwa sisi, jambo hilo lingalitosha kuwa mkutano wa siku tatu.

Ama la kufanya, bibi, dawa ya nge imo katika Sunna na katika ufagio. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kwamba mtu akitaka kulala akung'ute kwanza malazi yake, kwa kuwa hajui ni kitu gani kimeingia humo baada yake. Nawe kung'uta mashuka, msala na viatu, hasa viatu vya watoto, kila asubuhi. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au saruji. Kuni ziwekwe mbali na mlango, tena juu ya mawe au miti, zisirundikwe chini, na mtu asizichukue gizani kwa mkono mtupu. Kitanda kiondolewe ukutani na chandarua kichomekwe vizuri, kitawazuia mbu na nge pamoja. Kuku nao ni askari wema, humla nge bila kuuliza katoka wapi. Na siku hizi ziko tochi za mwanga wa rangi ya zambarau ambazo nge akimulikwa nazo gizani hung'aa kijani kama kimulimuli; aliye nayo hushangaa kuona ni wangapi walikuwa jirani zake siku zote bila kumgusa.

Jioni, mwasome watoto dua ya kujikinga kwa maneno kamili ya Mwenyezi Mungu na shari ya alivyoviumba. Katika Hadithi ya Muslim, mtu mmoja alimlalamikia Mtume (S.A.W.) maumivu ya nge aliyemwuma usiku, naye akamwambia kwamba lau angaliisoma dua hiyo ilipoingia jioni, nge yule hangalimdhuru. Na akiumwa mtu, msomeeni Fatiha, kwa kuwa Abu Said al-Khudri na wenziwe walimsomea mkuu wa kabila moja aliyeumwa akainuka, na Mtume (S.A.W.) akaliridhia jambo hilo. Pamoja na kumsomea, osheni mahali palipoumwa kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi, na mpeni dawa ya maumivu. Msichanje kwa wembe, msinyonye, wala msifunge kamba ya kukata damu. Hayo huongeza jeraha juu ya jeraha. Ikiwa ni mtoto mdogo, au mtu yeyote aliyeanza kutokwa na mate mengi, kutetemeka viungo, kutapika mfululizo au kupumua kwa taabu, mpelekeni hospitali saa ile ile, na kisomo kiendelee njiani.

Limebaki swali la maji, na hili ndilo jepesi. Nge ni katika viumbe wasiokuwa na damu ya kutiririka, kama nzi na mende, na kwa madhehebu yetu kiumbe wa namna hiyo akiingia mwenyewe katika maji machache akafa, maji hayanajisiki, maadamu hayakugeuka rangi, ladha wala harufu. Kwa hiyo udhu mlioutia kwa maji ya mtungi ule ni sahihi, na Swala zenu hazina haja ya kulipwa. Kama nafsi yachukia kuyanywa, mwagieni mboga. Mtungi uoshwe tu, na ununuliwe kifuniko.